Asidi Inayotibu Ngozi: Huponya Nini, Haiponyi Nini?

Alfajiri, mitumbwi inaporudi katika mwalo wa Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, wavuvi huteremka wakiwa wamelowa tangu jioni iliyotangulia. Usiku kucha wamevuta nyavu za dagaa na migebuka chini ya mwanga wa taa. Nguo zimewagandama kiunoni, na miguu imekaa katika maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi. Mchana watalala, na jioni watarudi ziwani. Katika maisha ya namna hiyo, baka dogo la duara lenye kuwasha, lililoota kwapani au kinenani, si jambo la kumfanya mtu akose safari hata moja. Hulipuuza. Baada ya wiki chache baka limefikia ukubwa wa kiganja, na mtoto anayelala naye mkeka mmoja ameanza kujikuna shingoni.

Ndipo huanza safari ya kwenda dukani. Katika duka la dawa mgonjwa wa namna hii aghalabu hukutana na dawa za aina mbili. Ya kwanza ni marhamu nyeupe, nzito, ya bei ndogo, isiyopendeza kwa sura, ambayo huchonyota kidogo inapopakwa na huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu kamili. Ya pili ni krimu laini iliyofungwa vizuri, ambayo hutuliza muwasho kwa siku mbili tu. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu aliyechoka kujikuna huichagua ya pili. Hata hivyo, kwa maradhi mengi ya ngozi yaletwayo na kuvu, ile ya kwanza ndiyo dawa, na ya pili yaweza kuwa mbolea ya ugonjwa wenyewe. Makala haya yanaeleza sababu zake, na pia yanaonyesha mipaka ya marhamu hiyo, kwa maana hakuna dawa ya kila kitu.

NGOZI NA UASIDI WAKE

Watu wengi wakisikia neno asidi hufikiri juu ya maji ya betri, yanayotoboa nguo na kuunguza nyama. Lakini asidi ni familia kubwa. Imo ndani ya ndimu, ndani ya maziwa mgando, na hata juu ya ngozi ya mwanadamu mwenye afya.

Wanakemia hupima uasidi kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni ya kitu kisichoelemea upande wowote. Chini ya 7 ni asidi, na juu ya 7 ni alkali, yaani upande wa magadi na majivu. Ngozi yenye afya hukaa karibu na 5. Mwaka 1928 wanasayansi wawili wa Kijerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, waliueleza utando huu mwembamba wa jasho na mafuta kuwa ni mfano wa vazi la asidi linaloukinga mwili dhidi ya vijidudu.

Maji ya Ziwa Tanganyika yako upande wa pili wa kipimo. Yamejaa chumvi za kaboneti, na pH yake kwa juu hukaribia 9. Sabuni za vipande, zikiwemo zile zitengenezwazo kwa mawese ya Kigoma, nazo ni za alkali. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kuoga ziwani au kutumia sabuni ndiko kunakoleta choa. Ngozi nzima hurejesha uasidi wake baada ya saa chache. Adui mkubwa zaidi ni unyevu usiopata nafasi ya kukauka: nguo iliyolowa usiku mzima, kiatu cha mpira kisichovuliwa, mkunjo wa ngozi unaotoka jasho. Hapo tabaka la juu la ngozi hulainika na kuvimba, na kuvu hupata shamba lililokwisha kulimwa.

UVUMBA, GOME LA MTI NA DAKTARI WA LONDON

Marhamu nyeupe iliyotajwa hapo juu huitwa marhamu ya Whitfield. Jina hilo linatokana na Arthur Whitfield, daktari wa magonjwa ya ngozi wa London, ambaye aliieleza mwaka 1907. Ndani yake mna asidi mbili: asidi ya benzoiki, asilimia 6, na asidi ya salisiliki, asilimia 3. Kiasi kilichobaki ni mafuta mazito ya kushikilia dawa juu ya ngozi.

Asidi ya benzoiki ilijulikana kwanza kutokana na utomvu wenye harufu nzuri wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Wafanyabiashara Waarabu waliuita utomvu huo luban jawi, yaani ubani wa Jawa. Wazungu walilipokea jina hilo, wakalikatakata hata likawa benzoini, na kutoka hapo wanakemia wakapata benzoiki. Kwa hiyo jina la dawa hii ni ndugu wa neno letu ubani. Ujiji, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya kutoka pwani, haukosi kulifahamu neno hilo.

Asidi ya salisiliki nayo ina historia ya gome la mti. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London akieleza jinsi unga wa gome la mti uitwao willow ulivyotuliza homa. Mwaka 1838 mwanakemia wa Italia, Raffaele Piria, aliipata asidi yenyewe kutokana na kiini cha gome hilo. Katika miaka ya 1870 njia ya Hermann Kolbe wa Ujerumani iliwezesha asidi hiyo kutengenezwa viwandani kwa wingi. Kutokana nayo ilipatikana aspirini, ambayo hunywewa. Asidi yenyewe ilibaki kuwa dawa ya kupaka.

Kwa kuwa marhamu hii ni rahisi kutengeneza na haihitaji jokofu, Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, iliyotolewa mwaka 1977.

JINSI ASIDI HIZI ZINAVYOFANYA KAZI

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni la chembe zilizokufa, zilizopangwa kama vigae vya paa na kushikamanishwa kwa viungo vidogo vidogo. Chembe hizo zimejaa keratini, protini ile ile inayojenga kucha na nywele. Kuvu za choa huishi humo. Chakula chao ni keratini, na kwa kawaida hazishuki katika nyama iliyo hai. Ndiyo maana choa huwasha na kuchukiza, lakini mara chache humlaza mtu kitandani.

Asidi ya salisiliki hulegeza viungo vinavyoshikamanisha vile vigae. Tabaka la juu huanza kuambuka, na kuvu huondoka pamoja nalo. Ni mfano wa kumtoa mpangaji mkaidi kwa kuiezua nyumba.

Asidi ya benzoiki hufanya kazi nyingine. Molekuli zake, zikiwa bado hazijaachana na chembe zao za haidrojeni, hupenya ukuta wa kuvu. Zikishaingia huachana, uasidi ndani ya kuvu hupanda, na shughuli zake za kujilisha na kukua hudhoofika. Kwa sababu hiyo hiyo asidi ya benzoiki na chumvi zake hutiwa katika baadhi ya vinywaji vya chupa ili visiote ukungu. Molekuli hizo hubaki katika hali ya kupenya pale tu panapokuwa na uasidi wa kutosha. Kwa hiyo ni vizuri ngozi isuuzwe vyema mpaka sabuni iishe, kisha ikaushwe, kabla ya kupaka dawa.

USHAHIDI WA MAJARIBIO

Swali la haki ni hili: je, dawa ya mwaka 1907 yaweza kushindana na dawa mpya za kuua kuvu? Mwaka 1973 watafiti wa Uingereza, Clayton na Connor, walichapisha matokeo ya kulinganisha marhamu ya Whitfield na krimu ya klotrimazoli, iliyokuwa mpya wakati huo. Kwa choa na kwa utangotango, marhamu ya zamani haikuachwa nyuma. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti mwingine uliofanywa Malawi, ambayo kwa hali ya hewa na hali ya maisha iko karibu na mwambao wa Tanganyika kuliko London. Huko nako haikuonekana tofauti ya maana kati ya dawa hizo mbili.

Matokeo hayo yasichukuliwe kuwa sifa tupu. Marhamu ya Whitfield ni nzito, huchafua nguo na huchonyota mahali palipochubuka. Klotrimazoli ni laini zaidi, na pale inapopatikana kwa bei nafuu hakuna sababu ya kuikataa. La msingi ni kwamba mwenye fedha kidogo akinunua marhamu ya Whitfield na kuitumia sawasawa, hajanunua dawa ya daraja la pili.

Kwa utangotango, yale mabaka meupe au ya kahawia kifuani na mgongoni, asidi hufaa pia. Kuvu zinazouleta, ziitwazo Malassezia, huishi kwa mafuta ya ngozi na hustawi katika joto na jasho. Mgonjwa anapaswa kujua jambo moja mapema. Kuvu zaweza kufa katika wiki chache, lakini rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi. Wengi huona mabaka yangalipo, wakadhani dawa imeshindwa, wakahamia dawa kali zisizohitajika.

Kwa chunjua, asidi ya salisiliki hutumiwa peke yake na kwa nguvu kubwa zaidi, mara nyingi karibu asilimia 17. Mwaka 2002 Sam Gibbs na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio mbalimbali ya tiba za chunjua. Katika majaribio sita yaliyolinganisha asidi na dawa bandia, walipona wagonjwa 75 kati ya kila 100 waliopakwa asidi, na 48 kati ya kila 100 waliopakwa dawa bandia. Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. Kwanza, karibu nusu ya chunjua zilizochunguzwa zilipona zenyewe, na hiyo ndiyo siri ya waganga wengi wanaojisifu kuziondoa. Pili, juu ya hao wa kupona wenyewe, asidi iliongeza wagonjwa 27 katika kila 100. Huo ni msaada wa kweli, ijapokuwa si muujiza.

Kwa chunusi za vijana, asidi ya salisiliki ya asilimia 2 au pungufu huzibua vinyweleo vilivyoziba. Faida yake ni ya wastani, na chunusi kubwa zenye usaha huhitaji dawa nyingine. Kwa sugu za nyayo, asidi yenye nguvu hulainisha ngozi ngumu ili iweze kukwanguliwa.

PALE ASIDI INAPOSHINDWA

Dawa inayofanya kazi katika tabaka la juu haiwezi kumfuata adui aliyejificha chini. Mapunye ya kichwani kwa watoto huletwa na kuvu zilizoingia ndani ya nywele na mashina yake. Marhamu haifiki huko, na mtoto huhitaji vidonge, kama vile griseofulvini, kwa maagizo ya mganga. Ndivyo ilivyo pia kwa kuvu zilizokwisha kuingia ndani ya kucha.

Upele hauletwi na kuvu bali na mdudu mdogo anayechimba ngozi na kutaga mayai. Marhamu ya Whitfield si dawa yake. Dawa moja ya upele ni benzaili benzoeti, na kwa kuwa majina yanafanana, watu huweza kuzichanganya. Hiyo ni dawa nyingine, na hupakwa mwili mzima, kwa watu wote wa nyumba moja, kwa wakati mmoja.

Kwenye vidonda vibichi asidi haifai kabisa. Vidonda vya miguu ni mateso ya zamani ya nchi za ziwa. Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikwama kwa karibu siku 80 huko Bambarre, katika nchi ya Manyema magharibi ya ziwa, kwa sababu ya vidonda vilivyokuwa vikimla nyayo. Kabla ya kurudi Ujiji mwaka 1871 alikuwa amejaribu hata unga wa jiwe la shaba. Leo kidonda huoshwa, hufungwa na hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria pale inapobidi. Kukipaka asidi ya kuambua ngozi ni kukipanua. Ukurutu nao, ambao tayari ni ngozi iliyokasirika, huzidi kuwaka ukipakwa marhamu hii.

Lililo zito kuliko yote ni ukoma. Baka la ukoma laweza kufanana na choa au utangotango kiasi cha kumdanganya hata mtu mzoefu. Lakini choa huwasha, na baka la ukoma mara nyingi halina hisia. Mgonjwa afumbe macho, kisha baka liguswe kwa ncha ya pamba. Asipohisi mguso ambao anauhisi penginepo mwilini, asipakwe marhamu yoyote, bali apelekwe hospitali. Hata akihisi, baka lisilowasha na lisilobadilika kwa dawa lichunguzwe na mganga. Tiba ya ukoma hutolewa bure na huponya, lakini neva iliyokwisha kuharibika hairudi.

KRIMU INAYONYAMAZISHA

Turejee kwenye ile krimu laini ya dukani. Nyingi za namna hiyo zina steroidi, kama vile betamethasoni au klobetasoli. Steroidi ni dawa ya heshima mahali pake. Hutuliza ukurutu na magonjwa mengine ambamo kinga ya mwili imezidisha hasira. Lakini katika choa, wekundu na muwasho ni dalili kwamba mwili unapigana na kuvu. Steroidi huwanyang'anya silaha walinzi, si wezi. Muwasho hukoma, mgonjwa hufurahi, na kuvu huendelea kutambaa chini ya ukimya huo. Baada ya wiki kadhaa choa hupoteza ile duara yake inayojulikana na kuenea bila mpaka. Mganga naye hupata taabu kukitambua. Dawa ikiachwa, muwasho hurudi kwa nguvu zaidi, na mgonjwa huirudia krimu ile ile akiamini kwamba ndiyo pekee inayomsaidia.

Matumizi ya muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba, kuchanika mistari na kuonyesha mishipa. Ndiyo hatari ile ile ya mkorogo wa kujichubua, ambao mara nyingi huchanganywa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Muwasho ulionyamaza si ugonjwa uliopona.

NAMNA YA KUTUMIA

Kwa choa cha mwilini, marhamu ya Whitfield hupakwa mara mbili kwa siku, kwa kawaida kwa muda wa hadi wiki nne, juu ya baka na kidogo nje ya ukingo wake, kwa maana kuvu hutangulia mbele ya kile kinachoonekana. Kosa kubwa ni kuacha mara muwasho unapokoma. Matumizi yaendelee kwa siku kadhaa hata baada ya baka kutoweka. Ikiwa wiki nne zimepita bila nafuu, yafaa kumwona mganga kuliko kununua kopo jingine.

Marhamu isipakwe machoni, mdomoni, sehemu za siri wala penye mchubuko. Isipakwe eneo kubwa la mwili, hasa kwa watoto wadogo, kwa kuwa asidi ya salisiliki hupenya ngozi na kuingia katika damu, na ikizidi hudhuru. Mwenye kisukari asitumie asidi kali ya chunjua na sugu miguuni mwake bila ushauri wa mganga. Ngozi nyeusi iliyounguzwa na asidi huweza kubaki na baka jeusi kwa miezi mingi. Kwa hiyo, mchonyoto mdogo ni wa kawaida, lakini mwako na malengelenge ni ishara ya kuacha.

Tena, asidi moja isichukuliwe mahali pa nyingine. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, nayo huunguza nyama bila kuchagua. Maji ya ndimu yakipakwa ngozini na mtu akakaa juani huweza kuleta malengelenge na madoa, kwa sababu ndani ya ndimu mna vitu vinavyoamshwa na mwanga wa jua.

TIBA YA NYUMBA NZIMA

Mwaka 1996 Gibbs alichapisha utafiti juu ya magonjwa ya ngozi katika vijiji vya Tanzania. Zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne walikuwa na ugonjwa wa ngozi, na magonjwa ya kuambukiza yalihusiana na msongamano wa watu katika nyumba. Funzo lake kwa Kigoma na Ujiji ni wazi. Baba akitibiwa peke yake huku mtoto akiendelea kujikuna mkekani, choa kitamrudia baba. Wote wachunguzwe, wenye mabaka watibiwe pamoja, nguo na mashuka vifuliwe na kuanikwa juani, taulo isishirikiwe, na nguo zilizolowa zivuliwe mara mtu anapotoka ziwani.

Mahali pa kupata msaada wa kitaalamu pameongezeka. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha waganga wa ngozi kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Lakini mtaalamu hawezi kukaa katika kila mwalo. Baka la kwanza huonwa na mwenye ngozi, kisha na jirani, kisha na muuza duka. Watatu hao wakijua kutofautisha choa na upele, na kuligusa kwa pamba baka lisilowasha, nusu ya kazi ya mganga itakuwa imekwisha kufanyika.

Mvuvi wa Kibirizi hahitaji kuacha safari ya ziwani ili apone. Anahitaji kopo la marhamu ya bei ndogo, nguo kavu ya kubadilisha alfajiri, na saburi ya wiki nne.